Beji Moja Imebaki Mezani

Majina ishirini na matatu niliyachapa jana usiku,
nikayakata kwa mkasi wa jikoni.
Sasa ni saa nne na robo, chai imeshamiminwa,
na beji moja imebaki mezani:
Darragh Mullan. Mada: kufungwa kwa matawi ya benki
katika miji midogo.

Karibuni Aberystwyth.
Mimi ni Nerys. Sina shahada ya uzamivu,
nina funguo:
wa chumba cha kunakili, wa kabati la biskuti,
wa mlango wa nyuma, siku utakapotaka kulia peke yako.
Watu hulia. Aghalabu Februari, mwaka wa pili.
Usione haya. Ufunguo huo una uzi mwekundu.

Vyuo vinne vimekubaliana kuwalea pamoja,
na mnamjua mtoto wa walezi wanne:
kila mmoja hudhani mwenzake kamlisha.
Basi posho ikichelewa msiviandikie vyuo.
Niandikieni mimi.

Nawatazama mlivyojigawa.
Wachumi dirishani, kompyuta wazi.
Wanaanthropolojia sakafuni, na viti vimejaa tele.
Bwana Havard, miaka hamsini na mmoja,
ishirini na sita kati yake akigawa barua,
kasimama mlangoni kana kwamba anangoja saini.
Eluned wa Bethesda, mhesabu pensheni za wachonga mawe,
kaacha kiti kitupu baina yake na Farzana wa Newport
aliyelala saa mbili tu,
maana wauguzi anaowachunguza hufanya kazi usiku
naye hukesha nao.

Huyu ana jedwali la watu elfu tisa, hamjui hata mmoja.
Yule ana watu tisa, anawajua mpaka majina ya mbwa wao.
Kiti hicho katikati
ndicho tulichoombea fedha.

Profesa akapanda, akaeleza maadili ya utafiti,
fomu ya ridhaa, ukurasa wa nne, ukurasa wa tano.
Mvua ikapiga. Mtu akapiga miayo, akaomba radhi kwa Kiwelisi.

Saa saba kasoro, supu imebaki chini ya sufuria,
mlango ukafunguka:
kijana wa Derry, viatu vinatema maji.
Hakuna aliyemwambia
kwamba treni hukatwa vipande viwili Machynlleth,
nusu huku, nusu kule,
naye alikuwa amekaa nusu ya kule, anasoma ramani yetu.
Kashushwa stesheni ndogo
ambayo hata sasa hawezi kulitamka jina lake.
Akamwuliza mama mmoja, benki iko wapi,
atoe pesa ya teksi.
“Ilikuwa pale,” akaonyeshwa.
“Siku hizi wananyoa mbwa.”

Akaanza kuomba msamaha, cheo kwa cheo,
kwa kila mwenye tai.
Nikambandika beji kifuani ikiwa imepinda.
Kaa, nikamwambia. Kiti ni kimoja tu.

Eluned akageuka: mama huyo pensheni anaichukulia wapi?
Farzana akafumbua jicho: na anakwenda na nani?
Kutoka dirishani sauti ikasema,
bila ubaya, ndivyo walivyofunzwa:
“Mtu mmoja si sampuli.”
“Najua,” akajibu Darragh, mdomo umejaa mkate.
“Nilimwuliza na mnyoa mbwa. Ni wawili.”

Hapo ndipo walipocheka pamoja mara ya kwanza,
na mchumi mmoja, sikumwona ni yupi,
akaburuta kiti chake.
Miguu ya kiti ikakwaruza sakafu vibaya sana.
Bwana Havard akaacha mlango.

Nikakusanya vikombe.
Kuna ratiba ya treni nimeibandika karibu na swichi ya taa.
Mwakani nitaongeza kwa wino mzito:
kaeni mabehewa yenye jina letu.

Au nitasahau.